Je, kirusi cha maziwa ya ng'ombe kinaleta saratani ya matiti?

SWALI: Daktari, ninafuga ng'ombe wawili wa maziwa huku Rungwe. Dada yangu amegundulika kuwa na saratani ya titi, na jirani aliyesoma mtandaoni anasema ugonjwa huo unaletwa na kirusi kilichomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Sasa naogopa hata kuwauzia watu. Je, ni kweli? Binti yangu mkubwa ananyonyesha. Hawezi kumwambukiza mtoto? Na mdogo wake aliyechanjwa HPV shuleni, amekingwa na saratani hii pia? (Mama mfugaji, Tukuyu)

JIBU: Pole sana, mama, kwa ugonjwa wa dada. Jirani yako hakulitunga jambo hilo, ila amelifikisha mahali ambapo ushahidi wenyewe haujafika. Hadi leo hakuna kirusi hata kimoja kilichothibitishwa kuwa chanzo cha saratani ya matiti kwa binadamu. Vipo vinavyoshukiwa, na hicho cha ng'ombe ni kimojawapo. Mimi kazi yangu ni kupima vinyama vya wagonjwa maabara, kwa hiyo nitakueleza kwa nini kinashukiwa na kwa nini shaka hiyo bado haijanishawishi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1936 mtafiti wa Marekani, John Bittner, aliandika kuhusu ukoo wa panya wa maabara ambao majike yake huugua sana saratani ya matiti. Vitoto vya ukoo huo vilipohamishwa mapema na kunyonyeshwa na majike wa ukoo mwingine usiougua, wengi wao hawakuugua walipokua. Kumbe kulikuwa na kitu ndani ya maziwa, na baadaye kitu hicho kilitambuliwa kuwa kirusi. Kirusi hicho hujipachika katika vinasaba vya seli za titi, na kikiangukia karibu na jeni inayohimiza seli kugawanyika, jeni hiyo huamshwa na kuendelea kufanya kazi pasipo kipimo. Mwaka 1982 Roel Nusse na Harold Varmus waliitambua mojawapo ya jeni hizo, ambayo siku hizi huitwa Wnt1. Kwa panya, basi, hakuna ubishi.

Ubishi ulianza pale watu walipokitafuta kirusi cha namna hiyo kwa binadamu. Mwaka 1995 watafiti wa New York walitangaza kwamba wameona vipande vya vinasaba vinavyofanana na vya kirusi cha panya katika takribani asilimia 38 ya uvimbe wa matiti walioupima. Maabara nyingine zikatafuta, baadhi zikaona, nyingine zisione kitu. Kipimo walichotumia, kiitwacho PCR, kina uwezo wa kunakili chembe ndogo mno ya vinasaba hadi ionekane, na uwezo huo huo ndio udhaifu wake, kwa sababu vumbi la vinasaba vya panya lililoingia kwenye dawa za maabara linaweza kutoa jibu la uongo linalofanana kabisa na la kweli. Tahadhari hii si ya kinadharia tu. Kirusi kilichoitwa XMRV kilitangazwa mwaka 2006 kuwa kimeonekana kwenye saratani ya tezi dume, kikapata umaarufu mkubwa, kisha ikabainika kwamba kilizaliwa maabara, wakati seli za uvimbe wa binadamu zilipokuwa zikikuzwa ndani ya panya.

Tuje kwa ng'ombe wako. Kirusi anachokisema jirani ni kile kinachosababisha saratani ya damu kwa ng'ombe, kwa kifupi BLV. Ng'ombe wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote maisha yao yote. Wachache tu ndio huota uvimbe. Mwaka 2015 Gertrude Buehring na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima sampuli za matiti za wanawake 114 wenye saratani na 104 wasio nayo, wakaona vinasaba vya BLV kwa asilimia 59 ya kundi la kwanza na asilimia 29 ya kundi la pili. Tofauti hiyo si ndogo, na siwezi kuipuuza. Lakini mwaka uliofuata watafiti wa Ubelgiji walichambua vinasaba vyote vya uvimbe wa matiti 51 na hawakukuta BLV katika hata mmoja. Isitoshe, Uingereza ilitambuliwa mwaka 1999 kuwa ng'ombe wake hawana tena kirusi hicho, na bado saratani ya matiti ni ya kawaida mno huko. Hilo peke yake halikanushi kila kitu, maana saratani huchukua miaka mingi kujitokeza, ila linanifanya niamini kwamba hata kama BLV ina mchango, mchango huo hauwezi kuwa mkubwa kama jirani anavyodhani.

Kukikuta kirusi ndani ya uvimbe ni jambo moja, na kirusi kuusababisha uvimbe huo ni jambo jingine. Kirusi cha Epstein-Barr, kwa mfano, kimeripotiwa mara kadhaa kwenye uvimbe wa matiti, lakini watu wazima karibu wote wanacho katika baadhi ya chembe nyeupe za damu, na chembe hizo huingia kwenye uvimbe kwa sababu zake. Linganisha na saratani ya mlango wa kizazi: virusi vya HPV hupatikana karibu katika kila uvimbe, maambukizi hutangulia ugonjwa kwa miaka, jeni za kirusi huendelea kufanya kazi ndani ya seli zilizoharibika, na walipochanjwa wasichana ugonjwa ukapungua. Kwa titi hatujapata mlolongo wa namna hiyo kwa kirusi chochote.

Maziwa yako uza, ila yachemshe au mshauri mnunuzi ayachemshe. Kiwandani maziwa hupashwa nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, na joto hilo linatosha kuua BLV. Lakini sababu kubwa ya kuchemsha ni brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, magonjwa ambayo hayana ubishi wowote na ambayo mtindi wa maziwa mabichi, tunaoupenda sana huku kwetu, unaweza kuyabeba. Chemsha kwanza, ndipo ugandishe.

Binti yako aendelee kunyonyesha bila hofu. Tafiti zilizowalinganisha wanawake walionyonyeshwa utotoni na wasionyonyeshwa hazikuonyesha kwamba walionyonyeshwa wanaugua zaidi, na mama mwenyewe hupata kinga: uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari yake ya saratani ya matiti kwa takribani asilimia 4. Chanjo ya HPV inamkinga mdogo wake na saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa matiti usiitegemee.

Dada yako hamwambukizi mtu, kwa hiyo mhudumieni, mle naye, mlale naye. Muulizeni daktari wake kama kinyama kilichokatwa kimepimwa vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayohimiza baadhi ya saratani za matiti kukua), kwa kuwa majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa. Nawe mwenyewe, mama, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, hatari yako iko juu kuliko ya mwanamke asiye na mgonjwa katika familia. Nenda ukapimwe matiti hospitali hata kama huhisi uvimbe, na umweleze mhudumu dada aligundulika akiwa na umri gani, na kama yupo mwingine katika ukoo, upande wa mama au wa baba, aliyeugua saratani ya matiti au ya ovari.