Kutumia Pico kupakia faili kwenye FPGA

SWALI: Fundi, mwenzangu amenigawia bodi ya FPGA (chipu ambayo saketi yake ya ndani hupangwa kwa faili) yenye chipu ya Artix-7 35T, lakini haina kifaa chake cha kupakia. Pembeni ina pini sita za JTAG, yaani njia ya kupakia na kukagua chipu: TCK, TMS, TDI, TDO, GND na VREF. Mezani nina Arduino Uno na Raspberry Pi Pico. Je, mojawapo inaweza kufanya kazi hiyo kwa USB, au lazima nitafute kebo maalumu?

JIBU: Pico inafaa. Uno iache. Pini zake hutoa volti 5, na za Artix-7 mwisho wake ni volti 3.3, ukiziunganisha moja kwa moja unaweza kuiua chipu kabla hujapakia chochote. Pico yenyewe hutumia volti 3.3. Tena chipu yake, RP2040, ina USB ndani yake pamoja na visaketi viitwavyo PIO, vinavyoweza kupiga mapigo ya saa ya TCK bila kuichosha prosesa.

Lakini usiishie kwenye neno langu, chukua mita. Washa bodi ya FPGA kwa umeme wake yenyewe, kisha pima VREF (pini inayoonyesha volti ambayo JTAG ya bodi hutumia) dhidi ya GND. Ukisoma 3.3, endelea. Ukisoma 1.8, simama: utahitaji chipu ya kubadilisha volti katikati. VREF ni ya kupimia tu; usiiunganishe na pini ya 3V3 ya Pico, maana utakuwa umekutanisha vyanzo viwili vya umeme.

Programu ya kuweka kwenye Pico inaitwa pico-dirtyJtag. Bonyeza kitufe cha BOOTSEL, chomeka kebo ya USB huku umekishikilia, na Pico itajitokeza kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida. Buruta faili la .uf2 humo, basi. Namba za pini zimeandikwa kwenye maelezo ya programu hiyo.

Kwenye nyaya ndipo wengi hukosea. Aliyezoea seriali hupishanisha TX na RX (waya wa kutuma na wa kupokea), na mkono wake hutaka kufanya vivyo hivyo hapa. Kwenye JTAG hakuna kupishanisha: TDI (data inayoingia) kwa TDI, TDO (data inayotoka) kwa TDO, kwa sababu majina yanahesabiwa upande wa FPGA. Na GND iunganishwe kabla ya zote. Mimi niliwahi kumaliza jioni nzima nikilaumu faili, kumbe waya wa GND umening'inia hewani.

Kabla ya kupakia, uliza kwanza kama chipu inasikia, kwa openFPGALoader, programu ya kupakia inayoendeshwa kwenye kompyuta:

openFPGALoader -c dirtyJtag --detect

Chipu yako inapaswa kujibu kwa namba 0x362d093. Ukipata sifuri tupu au f tupu, kagua TDO na umeme wa bodi. Namba ikibadilika kila ukiuliza, nyaya ni ndefu au zimelegea. Zifupishe, au punguza kasi kwa kuongeza --freq 1000000. Ikiwa programu haiioni Pico kabisa, tatizo liko kwenye kompyuta: kwenye Linux ni ruhusa za udev (za kutumia vifaa vya USB), kwenye Windows ni draiva ya WinUSB, ambayo huwekwa kwa Zadig.

Ikijibu vizuri, ipe amri ileile jina la faili lako la .bit (lenye saketi yako) badala ya --detect. Faili la 35T lina biti kama milioni 17.5, na USB ya Pico ni ya megabiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo vumilia kidogo.

Utakachopakia hivyo kitafutika ukizima umeme, kwa kuwa FPGA hii hukaa na kumbukumbu ya muda tu. Ukitaka kibaki, andika kwenye flashi ya bodi kwa kuongeza -f, na utaje chipu pamoja na umbo lake (package), kwa mfano --fpga-part xc7a35tcsg324. Soma maandishi juu ya chipu yako usinakili ya kwangu. Wakati wa kuandika, saketi yako itasimama. Usishtuke: openFPGALoader huigeuza FPGA kwanza iwe njia ya kuifikia flashi.

Vivado, programu ya mtengenezaji wa chipu hii, haitaitambua Pico yenye pico-dirtyJtag. Kama unataka kuchungulia mawimbi ya ndani ya chipu kwa ILA (saketi ya kuyarekodi unayoiweka ndani ya FPGA), futa hiyo uweke xvc-pico, ambayo huzungumza na Vivado kwa itifaki ya XVC. Kwa kupakia tu, mimi nisingejisumbua nayo.