Orvieto na mama mwenye magoti: msiende kwa saa mbili, laleni usiku mmoja

Mleta uzi anampeleka mama yake kuhiji Roma mwanzoni mwa mwezi wa sita. Wana siku mbili za ziada, mama ana miaka sabini na magoti yanamsumbua, na anauliza kama Orvieto, mji wa kale wa Italia kaskazini mwa Roma, inafaa au ni kumtesa mzee bure, maana mji uko juu ya mwamba. Kuna mkuu mmoja amemjibu kwamba Orvieto ni kanisa moja tu, unaliona kwa saa mbili, unarudi zako Roma. Hapo naomba nimpinge kwa heshima. Nimeishi Perugia, mji wa jirani, miaka sita, Orvieto nimekwenda si chini ya mara kumi, na safari moja nilikuwa na shangazi yangu aliyetoka Kilema, Moshi, ambaye magoti yake ni hayo hayo ya mama yako.

Nendeni, na laleni huko usiku mmoja.

Kufika si kazi. Treni ya kawaida kutoka Roma Termini ni mwendo wa saa moja na dakika kadhaa. Stesheni iko bondeni, Orvieto Scalo, na ukiinua macho unauona mji umekaa juu ya mwamba ulionyooka kama ukuta. Shangazi alipouona aliniuliza, "Mwanangu, huko juu mimi nafikaje?" Mbele ya stesheni kuna funikolare, kigari kinachovutwa mlimani kwa kamba ya chuma. Ilijengwa 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji, ikaja kufungwa, ikarudi 1990 ikiwa ya umeme. Baada ya dakika chache mnashukia Piazza Cahen, na hapo hapo kuna basi dogo la kuwafikisha mpaka kanisa kuu. Mlima wenyewe mama hataupanda kwa miguu.

Ila kabla ya kukimbilia kanisani, mwambie mama amesimama juu ya nini, kwa sababu habari yote ya Orvieto imo kwenye hilo jiwe. Zamani sana, yapata miaka 300,000 iliyopita, volkano za upande wa ziwa Bolsena zilimwaga majivu hapo, yakalundikana, yakashikamana yakawa jiwe liitwalo tufo. Ni gumu kiasi cha kubeba mji, lakini laini kiasi kwamba mtu mwenye sururu anachimba. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi. Waetruski, watu waliotawala sehemu hizo kabla ya Warumi, walijenga mji wao hapo juu, nao ukaitwa Velzna. Warumi waliuteka mwaka 264 kabla ya Kristo, wakaubomoa na kuwahamishia wenyeji kando ya ziwa. Walichoshindwa kubomoa ni kile kilichochimbwa chini.

Chini ya mji kuna mapango zaidi ya 1,200 yaliyochongwa kwa mikono: visima, maghala ya mvinyo, kinu cha kukamulia zeituni, machimbo. Ziara yenye mwongozaji inaanzia uwanja wa kanisa kuu na inachukua kama saa nzima. Kuna ngazi na sehemu nyembamba, lakini shangazi aliimudu kwa sababu kundi linasimama kila mara kusikiliza maelezo, naye akapata kupumzika. Kilichomkaa moyoni ni vyumba vya njiwa. Ukuta mzima umetobolewa vishimo vya mraba, safu juu ya safu, kila kimoja kinamtosha njiwa na kiota chake, na upande wa genge kuna dirisha wazi. Njiwa walitoka asubuhi wakajitafutia chakula bondeni, jioni wakarudi kulala. Mji ukizingirwa na adui, kitoweo kinakuja chenyewe. Mpaka leo njiwa wa kuoka yumo kwenye mikahawa ya Orvieto.

Huko huko mtaona visima vya Waetruski. Ni mashimo ya mstatili, membamba, yanakwenda chini wima mpaka giza linameza macho. Kwenye kuta mbili zinazotazamana kuna vitundu vya kutia miguu, kushoto na kulia. Niliweka mkono kwenye kimoja, nikakuta ukingo wa chini umelainika. Mchimbaji alishuka ameitanua miguu, huku na huku, shimo likiongezeka chini yake, miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita.

Hapo ndipo mtaelewa kisima kikubwa, Pozzo di San Patrizio, kilicho karibu na pale funikolare inaposhushia watu. Mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Karoli wa Tano yaliiteka na kuipora Roma. Papa Klementi wa Saba akatoroka, akakimbilia Orvieto. Mwamba wa Orvieto ni ngome tosha, shida yake ni maji: ukizingirwa, kiu inakumaliza kabla ya mishale. Papa akamwagiza msanifu Antonio da Sangallo Kijana achimbe kisima, kikakamilika 1537, Papa mwenyewe akiwa ameshafariki. Kina chake kinapita mita 50, na kukizunguka kuna ngazi mbili za mzunguko, kila moja vidato 248, moja ya kushuka na nyingine ya kupanda, hazikutani ila kwenye kidaraja cha chini kabisa juu ya maji. Mwanga unaingia kwa madirisha yapata 70 yanayotazama ndani ya shimo.

Mama asishuke. Nalisema wazi kwa sababu mtatamani. Kushuka ni kwepesi, vidato ni vipana na vya chini, halafu unakumbuka kwamba 248 nyingine zinakusubiri. Shangazi alibaki juu, mimi nikashuka. Niliporudi nahema, nikamweleza kwamba ngazi ni mbili ili nyumbu wa mizigo mwenye viriba vitupu asigongane na anayepanda na maji. Akatikisa kichwa, akauliza nani alikuwa anapanga zamu. Ni mtoto wa mfereji huyo, kwao Kilema maji ya mlimani yalikuwa na siku ya kila ukoo na mzee wa kusimamia. Sikuwa na jibu, lakini lile ndilo swali bora nililowahi kulisikia kuhusu kisima kile.

Sasa kanisa kuu. Kwa mama aliyekuja kuhiji, hapa ndipo penyewe. Mwaka 1263, kama mapokeo yanavyosimulia, padre mmoja kutoka Bohemia aliyekuwa na mashaka juu ya Ekaristi aliadhimisha Misa Bolsena, kwenye kaburi la Mtakatifu Kristina, na hostia, ule mkate wa Misa, ikatiririka damu ikalowesha korporale, kitambaa cha altareni. Papa Urbano wa Nne alikuwa Orvieto, kitambaa kikapelekwa kwake, na Agosti 1264, akiwa hapo hapo Orvieto, akaitangaza Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo kwa Kanisa lote. Ilikuwa imeshaanza Liège, Ubelgiji ya leo, mwaka 1246, na Urbano aliwahi kufanya kazi huko. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye alikuwa anafundisha Orvieto miaka hiyo, na mapokeo yanamtaja yeye kuwa mtunzi wa tenzi za sherehe hiyo, pamoja na Tantum Ergo ambayo mama zetu wameiimba kwenye baraka ya Sakramenti tangu wakiwa wasichana. Korporale yenyewe imehifadhiwa kwenye kikanisa cha mkono wa kushoto. Shangazi alipiga magoti yale yale mabovu na hakutaka nimwinue.

Mkiwa Orvieto Jumapili ya sherehe hiyo, mtaiona korporale ikipitishwa barabarani kwa maandamano, watu wamevaa mavazi ya zama hizo. Tazameni tarehe ya mwaka huu mapema, vyumba vinajaa.

Jengo lenyewe lilianza 1290. Kuta zake ni mistari ya jiwe jeusi na jeupe kwa zamu, na uso wake wa mbele unang'aa kwa mozaiki za dhahabu. Lakini usimruhusu mama akodolee juu tu mpaka shingo imuume. Nguzo nne za chini zimechongwa Biblia nzima, kuanzia uumbaji kushoto mpaka hukumu ya mwisho kulia, kazi ya Lorenzo Maitani na mafundi wake mwanzoni mwa karne ya 14. Shangazi hajui neno la Kiitaliano. Alisimama pale akaanza kunisomea: huyu Adamu amelala, huyu Mungu anafungua ubavu, huyu Eva anatoka. Alipita nguzo zote nne namna hiyo, na mimi niliyekuja na kitabu nikawa msikilizaji.

Ndani, kikanisa cha kulia kina michoro ya Luca Signorelli, aliyoifanya kati ya 1499 na 1504. Mtazame ufufuko wa wafu: ardhi ni nyeupe, tambarare, na watu wanajivuta kutoka ndani yake kama mtu anayejikwamua kwenye tope, wengine bado ni mifupa mitupu. Kaeni kwenye benchi. Msiharakishe.

Jioni ndiyo sababu ya kulala huko. Wageni wa siku moja wakishateremka, mji unarudi kwa wenyewe. Wazee wanatoka na viti, watoto wanacheza mpira uwanjani. Nendeni ukingoni mwa mwamba upande wa magharibi jua linapozama: mizabibu, mizeituni, vilima vya kijani vinavyofifia kimoja baada ya kingine. Asubuhi, mama akiwa bado anapumzika, wewe shuka ukatembee Anello della Rupe, njia inayouzunguka mwamba kwa chini, yapata kilomita tano. Kwa chini unaona mpaka kati ya tufo na udongo, na kazi kubwa ya kuushikilia mwamba usiporomoke.

Njia hiyo itakupitisha Crocifisso del Tufo, makaburi ya Waetruski ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Yamepangwa kama mtaa wa nyumba ndogo za mawe, mlango kwa mlango. Juu ya mlango kumechongwa maandishi yanayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mengi yanaanza na neno fupi: mi. Kwa Kietruski maana yake ni mimi. Kaburi lenyewe ndilo linalosema: mi, halafu jina, yaani mimi ni wa fulani. Kietruski na Kiswahili havina undugu wowote, najua. Bado nilisimama mbele ya mlango ule kwa muda mrefu, nikilisoma neno hilo kama limeandikwa jana.

Kuhusu Civita di Bagnoregio, ambayo wachangiaji wengi wa uzi huu wanaitaja: ni kijiji kwenye kilele cha tufo kinacholiwa na mmomonyoko pande zote, alikozaliwa Mtakatifu Bonaventura. Mabonde ya udongo yaliyochongoka kukizunguka ni mandhari ambayo sijaiona kwingine Italia. Kwa mama yako nasema hapana. Kufika ni kwa daraja refu la waenda kwa miguu, na mwisho wake ni mpando mkali kwenye jua kali. Isitoshe Jumapili niliyokwenda mimi hapakuwa na basi kutoka Orvieto, nikaishia kuomba lifti. Mkitaka kuiona, kodini gari, msimame Bagnoregio kwenye sehemu ya kutazamia ng'ambo. Inaonekana yote, na mama atakaa kivulini. Gari hilo hilo liwapeleke Bolsena, ziwani, ambako mama ataona kanisa la muujiza wenyewe na mtakula samaki.

Kwa hiyo: siku ya kwanza pandeni asubuhi, kanisa kuu kabla ya joto, chakula, usingizi, mapango alasiri, ukingoni jioni. Siku ya pili wewe na njia yako alfajiri, kisha gari mpaka Bolsena, treni ya jioni kurudi Roma. Na mchukulieni mama sweta, kule mapangoni ni baridi hata mwezi wa sita.