Baba na mwana hawasemezani: je, karate itawasaidia?

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni fundi magari, anarudi nyumbani saa mbili usiku akiwa amechoka. Kijana wetu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Siku hizi akiulizwa kitu na baba yake anajibu "ndiyo" au "hapana" huku macho yako kwenye simu, na baba naye hufoka. Mdogo wake wa kike, miaka 10, anajifunza karate kwenye ukumbi wa kata na ameshapata mkanda wa njano. Mwalimu wao Jumamosi asubuhi anapokea wazazi pamoja na watoto, na binti anatubembeleza twende sote. Mume wangu anasema karate itamfundisha kijana kupiga wenzake, na kwamba mtu mzima hawezi kwenda kurusha mateke mbele ya wanawe. Nifanyeje? — Mama wa Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Nendeni, wote wanne. Nasema hivyo bila kusita kwa sababu mimi na mume wangu tumefanya karate na watoto wetu kwa miaka, na ninajua kilichobadilika mezani kwetu.

Nikueleze zoezi moja tu, maana ndilo lililotusaidia kuliko yote. Katika mtindo wa Shotokan, unaotokana na mafundisho ya Gichin Funakoshi, mzaliwa wa kisiwa cha Okinawa, Japani, aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922, kuna zoezi la watu wawili liitwalo gohon kumite. Mnasimama mkitazamana. Anayeshambulia hutangaza kwanza: "jodan", ngumi inakuja usoni, au "chudan", inakuja kifuani. Ndipo anaingia hatua 5, kila hatua na ngumi yake. Mwenzake anarudi nyuma hatua 5 akizuia, na baada ya kuzuia ya mwisho anajibu kwa ngumi inayosimama kabla ya kugusa. Kisha mnabadilishana.

Sasa waweke mumeo na kijana wako hapo. Baba haruhusiwi kurusha ngumi kabla hajasema inakwenda wapi. Kijana naye lazima amtazame baba yake, kwani akiangalia pembeni atachelewa kuzuia. Baba anapima nguvu zake zisizidi za mtoto, mtoto anapima umbali wa baba, na hakuna anayeweza kumaliza zoezi peke yake. Utasikia wanaulizana, "Niko mbali mno?" "Hapo umenifikia?" Ni maneno madogo, lakini ni baba na mwana wanasemezana, na hayahusu alama za shule wala simu.

Kwetu tabia hiyo ilitufuata hadi nyumbani. Zamani mume wangu alikuwa akimwona kijana anapita sebuleni anamrushia swali la ada au la matokeo ya hesabu papo hapo, na kijana anajifunga kama kobe. Baada ya muda mume wangu akaanza kusema mapema: "Tukishakula nataka tuzungumze habari ya hesabu." Kijana alikuwa na muda wa kujiandaa, na alikuja mezani akiwa na maelezo yake. Sikumbuki mtu yeyote aliyetuagiza tufanye hivyo. Ilitokana na kule kuzoea kumpa mwenzako taarifa kabla hujamwendea.

Jambo la pili ni mstari. Dojo, yaani ukumbi wa karate, hupanga watu kwa mikanda, na mkanda mweupe, wa anayeanza, hausogezwi mbele kwa sababu ya ndevu. Binti yako wa njano atapangwa nafasi ya juu kuliko baba yake, na huenda akatumwa kumwonyesha namna ya kufunga fundo la mkanda. Najua hapa ndipo mumeo anapoona aibu. Mimi naona hapa ndipo penye faida yake kubwa. Kijana anayemwona baba yake akirekebishwa mguu mbele ya watu, akaitikia "osu", yaani "ndiyo, nimesikia", na kurudia bila kununa, anajifunza kupokea kusahihishwa bila kuhubiriwa. Na baba naye anakumbuka jinsi ilivyo kuwa mtu asiyejua.

Kuhusu hofu ya ugomvi, mwambie mumeo kwamba moja ya kanuni alizoziacha Funakoshi inasema hakuna shambulio la kwanza katika karate. Mwalimu wa maana huirudia hadi watoto wanaikariri. Wala huu si mchezo wa kitoto uliozuka jana. Mtindo mwingine wa karate, Goju-ryu, ulikuwa ukifundishwa shule ya Zanaki, Dar es Salaam, tangu miaka ya 1970, na waliopitia pale leo ni wazee wenye mvi.

Ila kaa kwanza utazame darasa moja zima. Mwalimu anayetukana watoto, au anayechapa, mwacheni. Usinunue mavazi rasmi mwanzoni. Suruali ya mazoezi na fulana vinatosha. Kijana akikataa asiburutwe: mwende ninyi watatu, yeye mwacheni aje kutazama akitaka. Na mkitoka ukumbini, somo libaki ukumbini. Baba asianze kumkosoa mtoto teke lake wakati wa chai. Rudini kwa miguu kama si mbali, maana njiani ndiko watoto wangu walikokuwa wakinieleza mambo ambayo nisingeyapata kwa kuuliza.

Umeandika kwamba baba hufoka. Kama kufoka huko hufuatwa na kipigo, kwako au kwa watoto, hapo karate si jibu, na nakuomba usisubiri Jumamosi. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, ni bure.

*Shangazi, mimi ni baba wa watoto watatu hapa Tanga, Muislamu. Tungependa kujiunga, lakini kule kuinama mbele ya mwalimu kunanitia shaka. Wewe unaonaje? — Baba Tanga*

Ndugu yangu, hukumu ya dini kamuulize sheikh wako, mimi si mtu wa kuitoa. Ninaloweza kukueleza ni kinachofanyika. Wawili wanaokabiliana huinamisha kiwiliwili kidogo wakiwa wamesimama, kabla ya zoezi na baada yake, kusalimiana na kushukuriana. Dojo nyingi pia hupiga magoti mwanzoni na mwishoni mwa darasa na kuinama kuelekea mbele, pengine kwenye picha ya mwasisi, na hapo ndipo wazazi wengi Waislamu huuliza. Zungumza na mwalimu kabla ya siku ya kwanza, watoto wakiwepo, wasikie unavyolieleza. Mwalimu wetu aliwaruhusu wenye shaka kama yako kuweka mkono kifuani na kubaki wima, na darasa likaendelea. Wa kwenu akikataa katakata hata kukusikiliza, tafuteni mwingine.