Ningerudi usiku ule nipokee simu ya baba? Ushauri kwa mwenye majuto kama yangu

Baba alinipigia mara tatu usiku ule, simu ilikuwa sailensi chini ya mto, nikaja kuziona asubuhi zimejipanga kwenye skrini: saa tano na dakika kumi, na robo, na ishirini, halafu basi. Nakodolea macho hizo simu ndo nikapigiwa kuambiwa ametutoka.

Miaka mingi nililala nikiomba kitu kimoja tu, nirudishwe nipokee. Nikawa nasoma kila kitu kuhusu kusafiri kwenye wakati. Kwenda mbele kidogo kupo kweli, mwaka 1971 wanasayansi walizungusha saa za atomiki, zile zenye usahihi mkubwa mno, dunia nzima kwenye ndege za abiria, ziliporudi zikakutwa zimepishana na zilizobaki chini, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kurudi nyuma ndo hakuna aliyeweza. Mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha mwaka 1949 kwamba hesabu za Einstein kuhusu wakati na mvutano zinaweza kuruhusu, ila kwenye ulimwengu unaojizungusha, na wetu hauonyeshi dalili hiyo.

Sasa jioni moja nilikuwa namsuka binti yangu, kichwa mapajani kwangu, analalamika navuta sana, ikanijia ghafla kwamba baba yake nilimjulia msibani kwa baba. Pasingekuwa na msiba, huyu hayupo. Mwanafalsafa Derek Parfit aliliandika hili mwaka 1984, kwamba mimba ikitungwa wakati mwingine anazaliwa mtu mwingine kabisa, na nilipolisoma niliona jambo la vitabuni tu, lakini pale kitana kilinidondoka. Kumbe kila usiku nilikuwa naomba mtoto wangu afutwe, na asingeliliwa na yeyote maana hakuna ambaye angejua aliwahi kuwepo! Hiyo ni dhuluma jamani, hata kama nia ni kumuokoa mzazi.

Wewe unayelala na "laiti ningejua", sikuambii ujisamehe leo, mimi mwenyewe bado. Ila ukiwaza kurudi, wataje kwa majina waliokuja baada ya lile kosa, mmoja mmoja, ujiulize yupi uko tayari asiwepo. Halafu deni lako lipeleke kwa walio hai, na lile swali unaloliogopa liulize. Baba mdogo ndo alikuwa na baba usiku ule na nilikaa miaka sita sijamuuliza kitu kwa aibu. Mwaka huu nikamuuliza, baba alikuwa anataka kuniambia nini. Akasema alikuwa anaulizia tu kama nimefika nyumbani.