Umeniuliza kama uje: jibu langu kuhusu ualimu wa meno Uingereza

Mwanangu, salamu zako zimefika, na swali lako pia. Wasema kwenye harusi ya Kibokoni mamako na wenziwe walikuwa wakihadithia kwamba shangazi yako ni profesa wa meno Uingereza, afundisha siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki yuko maabara, na nyumba kapewa na chuo. Na wewe, hata mwaka wa intani, ule wa mazoezi ya daktari mpya, pale hospitali ya Makadara hujaumaliza, sasa wataka kuifuata njia hiyo. Nimekasirika, wallahi, ingawa si wewe uliyenikasirisha.

Mimi ni mhadhiri, si profesa. Nyumba nalipia kodi. Habari za baridi na bili umeshazisikia kwa kila aliyerudi likizo, sina haja ya kuziongeza. Liko moja tu ambalo sijapata kulitamka mbele ya watu wa nyumbani, nalo ni ile miaka niliyokaa huku nikiwa daktari wa meno asiyeruhusiwa kugusa jino la mtu.

Uingereza huwezi kumtibu mgonjwa mpaka usajiliwe na General Dental Council, baraza linalosajili madaktari wa meno, na shahada yetu ya Nairobi peke yake haitoshi. Njia wanayopita wengi ni ORE, mtihani wa usajili kwa madaktari wa meno waliosomea nje. Sehemu ya kwanza ni ya maandishi. Ya pili ni ya vitendo, na humo mna kuchonga na kuziba meno ya plastiki kwenye kichwa cha bandia huku unatazamwa. Kila sehemu waruhusiwa mara nne, basi. Wanaoutaka ni wengi kuliko nafasi, na corona ilipoingia mwaka 2020 mtihani ulisimama hadi 2022. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokwama. Uzamifu nilikuwa nimeshaumaliza na pesa ya masomo imekatika, na nyumbani dawa za nyanya yako zilikuwa zikinisubiri mimi.

Nikachukua kazi ya msaidizi katika kliniki moja ya meno. Kazi yenyewe ni kuvuta mate ya mgonjwa kwa mpira, kupitisha vyombo, kufuta kiti, kuosha. Ni kazi ya heshima, na niliofanya nao ni watu hodari, kwa hiyo usinielewe vibaya. Kilichoniuma ni kwamba mmoja wa madaktari wa pale nilikuwa nimemfundisha mwenyewe chuoni, kwenye vile vichwa vya bandia, maana huko cheti hakikuhitajika. Siku moja alikuwa akitibu mizizi ya gego la kwanza la juu. Gego hilo mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha ndani ya mizizi, na ukiuacha bila kuusafisha maumivu hurudi. Aliutafuta, akakosa. Mimi niliuona ulipo. Mwenye kliniki alikuwa amenikataza kusema neno la kitabibu mbele ya mgonjwa, kwa hiyo nikanyamaza nikiwa nimeshika mpira wa mate. Jino likazibwa vile vile. Mgonjwa yule alikuwa mama mtu mzima, alinishukuru sana wakati wa kutoka. Mpaka leo nikimkumbuka roho hainitulii.

Watu hawakuhadithii haya kwa sababu sikuwahadithia. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana kazi hii naipenda na sitaki uiogope. Tiba ya kurejesha meno ni kuokoa kile ambacho mwingine angeking'oa: kuziba, kutibu mizizi na fizi, kuvika jino kofia, kuweka daraja au meno ya bandia. Kumfundisha mwanafunzi aliyekuja mikono ikimtetemeka, kisha ukaona siku moja ameziba jino likakaa sawasawa bila wewe kumgusa mkono, ni furaha ambayo sijaipata kwingine. Lakini kinachokupandisha cheo ni utafiti zaidi ya ualimu. Tafiti za vyuo vya nchi nzima hupimwa kila baada ya miaka kadhaa, mara ya mwisho ilikuwa 2021, na pesa ya serikali hugawanywa kwa kufuata matokeo hayo. Hivyo mchana uko kliniki ukisimamia wanafunzi, usiku waandika makala na maombi ya ruzuku ambayo mengi yatakataliwa. Mwenzako aliyefungua kliniki yake mtaani atakuzidi mapato, huku na hata hapo Nyali. Ukija kwa ajili ya pesa umekosea mlango.

Tena kuna jambo linalonikera kuliko mshahara. Utafiti wangu ni wa glasi ayonoma, ule udongo wa kuzibia uliotangazwa Uingereza mwaka 1972 na Wilson na Kent. Hushikana na jino wenyewe na hutoa floridi, madini yanayosaidia jino lisioze. Unajua ni wapi walipoanza kuutumia bila umeme wala mashine ya kuchonga, kwa vyombo vya mkono tu, wakikwangua kilichooza na kuziba hapo hapo? Tanzania, katikati ya miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 glasi ayonoma ikaingia katika orodha yake ya dawa muhimu. Jambo lililoanzia kwa jirani zetu mimi nalihubiri kwenye kumbi za Ulaya, huku mtoto wa Likoni akivuka feri na shavu limevimba, na mzazi wake akimwambia daktari, "Ng'oa tu, tupumzike." Wewe ndiye unayemwona mtoto huyo. Mimi simwoni.

Kwa hiyo usije. Maliza intani, upate leseni yako, utibu watu wa kwenu mwaka mmoja au miwili, kisha uende Muhimbili, Dar, ambako uzamili wa fani hii upo na wagonjwa watakuelewa lugha.

Na kama utakuja, maana nakujua, basi usije kama nilivyokuja mimi. Usitoke Mombasa kwa barua ya chuo peke yake. Uliza kwanza kuhusu usajili wa muda, ule unaomruhusu daktari wa kutoka nje kufanya kazi, kufundisha na kutafiti chini ya usimamizi katika nafasi maalumu, na jina la msimamizi ulione kwa maandishi. Anza kusomea ORE ukiwa bado kwenu, unakula kwa mamako. Kazi ya usaidizi ukilazimika ifanye, usione haya. Hapana, usiifanye; nipigie simu kwanza, chumba kipo na chakula kipo, nami nitakubeba mpaka upite.

Babako asiuze kiwanja. Hilo mwambie leo.

Na anza kuandika. Kila mtoto anayeng'olewa jino ambalo lingezibika, andika umri wake, ni jino lipi, na kwa nini halikuzibwa, bila jina lake, na kwa idhini ya mkuu wako na kamati ya maadili ya hospitali. Ukishakusanya ya miezi mitatu nitumie, tuyasome pamoja Jumapili moja baada ya alasiri ya huko.