Machozi yangu yalivutwa kwa hila? Jibu langu kuhusu Hearts and Minds

Ndugu yetu aliyeuliza ameeleza kwamba alipomaliza kutazama Hearts and Minds, filamu ya hali halisi ya Peter Davis ya mwaka 1974 kuhusu vita vya Vietnam, alilia, na siku mbili baadaye akaanza kuhisi kwamba machozi yale yalivutwa kwa hila. Anauliza kama filamu iliyochukua upande waziwazi namna ile inastahili kuaminiwa. Nimewahi kusumbuliwa na swali hilohilo, na kwa kuwa nimefanya kazi ya kuhariri picha za video kwa miaka 11, naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Mara ya kwanza niliitazama darasani nikiwa na umri wa miaka 20. Filamu ile haina sauti ya msimulizi, na kwa sababu hiyo niliamini kwamba hakuna mtu aliyekuwa akinielekeza nifikiri nini. Nilikosea. Pale msimulizi anaponyamaza, anayesema ni mhariri, naye husema kwa kupanga: huchukua picha mbili zisizojuana, akaziweka jirani, na mtazamaji akazalisha mwenyewe maana ya tatu, kisha akaitetea kama yake.

Bila shaka sehemu iliyokuumiza ni ile ya Jenerali William Westmoreland, aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Marekani huko Vietnam. Anaeleza kwa utulivu kwamba mtu wa Mashariki hauthamini uhai kama anavyouthamini mtu wa Magharibi, na kwamba huko uhai ni mwingi na rahisi. Maneno hayo yamewekwa bega kwa bega na mazishi: mtoto analia kwa uchungu, na mwanamke anazuiwa asiingie kaburini kulifuata jeneza. Darasa zima lilinyamaza. Kisha mwenzetu mmoja akauliza kama jenerali aliyasema maneno yale akijua kwamba yangewekwa karibu na kaburi lile, na hakuna aliyemjibu. Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye filamu hii miaka mingi baadaye, nikiwa tayari ninaishi kwa kazi ya kukata na kuunga picha.

Jibu ni kwamba hakujua, kwa kuwa mahojiano na mazishi ni vitu viwili vilivyokutanishwa mezani kwa mhariri. Hata hivyo, kuna mambo mawili niliyoyajua baadaye ambayo yalinizuia kuuita mkato ule uongo. La kwanza ni kwamba, kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, jenerali alirekodiwa mara tatu katika jambo hilo. Mara ya kwanza alidai hakujieleza sawasawa, mara ya pili ukanda wa filamu uliisha, na kilichoingia kwenye filamu ni kauli ya mara ya tatu. Alipewa nafasi ya kujirekebisha, na hilo ndilo alilochagua kusema. Katika kazi yangu nimeona watu wengi wakinyimwa nafasi hiyo. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, ni kwamba aliyekuwa akizikwa alikuwa askari wa jeshi la Vietnam Kusini. Alikuwa mshirika wa jenerali yule, mtu aliyekufa upande uleule wa vita, na bado kauli ile inaufanya msiba wa familia yake uonekane mdogo kuliko msiba wa familia ya Marekani.

Sisemi kwamba kila mkato wa filamu hii ni wa haki. Picha za mpira wa miguu wa Kimarekani wa shule, ambamo kocha anawapigia kelele vijana, zimepachikwa ili tuamini kwamba taifa lile hulea watoto wake kwa ajili ya kuua. Hoja hiyo haikuthibitishwa popote. Imeegemezwa tu kwenye makelele. Namna alivyoonyeshwa Luteni George Coker pia inanisumbua. Mwanajeshi huyu wa Marekani alikuwa mateka Vietnam Kaskazini tangu 1966 hadi 1973. Tunamwona akiwaambia watoto wa shule kwamba Vietnam ingekuwa nchi nzuri kama si watu wake, na kauli hiyo ni mbaya, lakini mateso yaliyompata gerezani hayapewi uzito unaolingana nayo. Filamu haijishughulishi pia na raia waliouawa Hue mwanzoni mwa 1968, wakati mji huo ulipokuwa mikononi mwa majeshi ya kikomunisti. Mtu anayedai kuwalilia raia wa Vietnam alipaswa kuwalilia na hao. Hilo nalihesabu kuwa kasoro halisi ya filamu, na sitaki kuitetea.

Ugomvi juu ya filamu hii, kwa kweli, ni wa tangu mwanzo. Walt Rostow, aliyekuwa mshauri wa Rais Lyndon Johnson, alipata amri ya muda ya mahakama ya kuizuia kwa sababu ya mahojiano yake. Iliposhinda tuzo ya Oscar tarehe 8 Aprili 1975, wiki tatu tu kabla ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka, mtayarishaji Bert Schneider alisoma jukwaani salamu kutoka kwa ujumbe wa Viet Cong, wapiganaji wa Kivietnam waliokuwa wakipigana na Marekani, na baadaye usiku huohuo mwimbaji Frank Sinatra akasoma tamko la kujitenga na salamu hizo.

Mara ya tatu niliitazama nikiwa na kalamu na karatasi, na kwa kila sehemu nilijiuliza swali moja: nikiondoa picha iliyotangulia na inayofuata, je, hii itasimama yenyewe? Sehemu ya mpira ilianguka papo hapo. Mazishi yalisimama, hata bila jenerali. Rubani wa zamani Randy Floyd alisimama kuliko wote. Anaeleza jinsi kudondosha mabomu kulivyokuwa kazi ya ufundi kwake, kazi aliyojivunia kuiweza, kwa kuwa kutoka angani huoni damu wala husikii kilio. Kisha anajaribu kufikiria watoto wake wenyewe wakimwagiwa napalmu, yale mafuta mazito ya mabomu yanayowaka na kunata mwilini, na sauti inamkwama. Kamera haimkimbii, na hakuna ujanja wa mhariri unaoweza kukutengenezea ukimya kama ule.

Yupo pia yule baba katika kijiji kilichopigwa mabomu. Anasema binti yake alikuwa akiwalisha nguruwe. Binti amekufa, nguruwe wako hai. Anataka wapiga picha walichukue shati la mtoto, walipeleke Marekani, wakamtupie usoni Rais Nixon wa Marekani. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mhariri alinisukuma, na sijapaona. Kosa la Hue kuachwa nje haliwezi kulifanya shati lile kuwa la uongo.

Kwa hiyo naomba utuambie ulilia wapi. Kama ni pale kocha anapowapigia vijana kelele na vita vikafuata, basi una haki ya kuhisi umesukumwa. Kama ni pale kwenye shati, hukuhadaiwa na mtu.