Farasi Wangu Ananuka Siki: Ushauri kwa Anayetaka Kukusanya Makauboi wa Plastiki

Wiki mbili zilizopita nilishuka besimenti kutafuta kapeti, nikapokelewa na harufu ya siki. Nikajua mama Neema kamwaga chupa. Nikanusa huku na huku mpaka pua ikanipeleka kwenye boksi langu, lile ambalo watoto hawaruhusiwi hata kulipangusa vumbi. Nilipofungua mfuko wa zipu wa kwanza macho yaliniwasha kama nimekata vitunguu kilo tatu.

Ndani alikuwa Dale Evans, kauboi wa kike wa plastiki, na farasi wake, Buttermilk. Mguu wa nyuma wa farasi ulikuwa umepinda kuelekea nje, kama wa ndama aliyezaliwa vibaya. Mshono wa tumboni ulikuwa umeachia, ukucha unapita. Na mgongoni, pale tandiko linapokaa, palikuwa na matone madogo ya kunata. Farasi wa plastiki, jamani, anatoka jasho.

Jioni hiyohiyo, utadhani shetani ndiye anayepanga ratiba yangu, dada mmoja msomaji akaniandikia: "Kaka shikamoo. Nimeona picha za farasi wako, nimewapenda sana. Nina dola 200. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wengine wafaidike, maana najua mpo wengi. Ila unisamehe, nusu ya jibu ni kilio changu.

Wengi mnanijua kama mhudumu wa wazee hapa Milwaukee. Msichojua ni kwamba haya mambo hayakuanzia Marekani, yalianzia ukutani. Nimezaliwa Iramba, Singida. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mpishi wa familia moja ya wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani. Walipofungasha kurudi kwao walimwachia sufuria mbili, cherehani mbovu, na kitabu kinene kisicho na jalada, kimejaa picha za vitu vya kuuzwa. Bibi hakuwa na haja ya kukisoma. Alichana kurasa, akapika uji mzito wa unga wa mtama, akazibandika kwenye ukuta wa udongo wa chumba walicholala wajukuu, kuzuia vumbi.

Mimi nililala upande wa farasi. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, imefifia: mwanamume wa plastiki mwenye kofia pana, mwanamke pembeni yake, na farasi mrefu mwenye tandiko. Chini yake vitu vidogo vidogo vimepangwa kama bidhaa za mmachinga, na mstari wa namba ulioanza na 49. Kiingereza sikukijua. Bei sikuijua pia, kwa sababu kona ile mchwa walishaila. Kila usiku kabla koroboi haijazimwa nilimtazama yule farasi, na niliamini kwa dhati kwamba nikitulia vya kutosha atageuza kichwa.

Nayasema haya kwa sababu juzi, kwenye kikao cha jumuiya, mzee mmoja ninayemheshimu alisema mbele za watu kwamba hela ninazotupa kwenye midoli zingeezeka nyumba nzima bati. Watu wakacheka. Sikumjibu. Namjibu hapa: nyumba ya wazazi nilishaiezeka, mzee wangu, mwaka wa pili tu baada ya kufika. Tuendelee.

Nilifika huku nikiwa na miaka 29, na miaka sita ya kwanza sina cha kuwasimulia, ni zamu za usiku na theluji. Kisha siku moja, pale kazini, nikaona kwenye meza ya bibi mmoja kauboi wa plastiki bila farasi. Amelazwa, kwa sababu hawezi kusimama vizuri: miguu imepinda kama upinde, ameumbwa kukaa juu ya farasi. Nikamwuliza bibi, farasi yuko wapi? Akasema kaka yake alimpoteza mwaka ambao baba yao aliuza shamba. Kisha akanionyesha kwa kidole upande wa magharibi, akasema hawa walitengenezwa hapo tu, Hartland.

Nilidhani anachanganya, umri ule. Kumbe kweli. Hartland ni mji mdogo, kilomita 40 hivi kutoka hapa, na kiwanda cha Hartland Plastics ndicho kilichowafyatua miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960. Huo ndio wakati televisheni za Marekani zilijaa makauboi. Roy Rogers na Dale Evans, mume na mke wa kweli, walikuwa na kipindi chao NBC kuanzia 1951 hadi 1957, naye Hartland akawatoa wote wawili na farasi wao. Akawatoa na mashujaa wengine wa televisheni, kila mmoja na farasi wake: Lone Ranger na Silver, Tonto na Scout, Wyatt Earp, Matt Dillon, hata Jenerali Lee wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, juu ya Traveller. Mwaka 1963 kiwanda kikanunuliwa na kampuni ya vipodozi, Revlon, na habari ya wapanda farasi ikaishia hapo. Farasi na rangi za mdomo, hebu niambieni walitarajia nini.

Mwezi uleule nilinunua wa kwanza. Leo ninao 31. Nimesema thelathini na moja, na wote nimewapata kwa jasho la zamu. Sasa ni 30 na mgonjwa mmoja.

Haya, dada yangu, ushauri. Usianze na farasi, anza na katalogi, yaani vitabu vya picha za bidhaa kama kile cha bibi. Hii nitairudia mpaka uchoke.

Midoli hii iliuzwa madukani, lakini sehemu kubwa ya watoto wa mashambani waliijua kwa njia ya posta. Montgomery Ward, mfanyabiashara wa Chicago, alianza kuuza kwa katalogi mwaka 1872, mshindani wake Sears akafuata, na kuanzia 1933 Sears akawa anatoa katalogi ya peke yake ya Krismasi, ile ambayo watoto waliikodolea macho tangu vuli. Sears aliendelea na katalogi yake kubwa mpaka 1993. Kwa hiyo zipo miaka na miaka, na nyingi zimeshaskaniwa, unazisoma bure kwenye simu. Ukurasa wa katalogi unakupa mwaka, unakupa bei ya wakati ule, na juu ya yote unakupa orodha ya vipande. Muuzaji wa leo atakuambia "seti kamili". Kamili kwa hesabu ya nani? Mimi niliuziwa Roy Rogers "kamili" kwa dola 240 na jamaa mwenye sauti nzuri ya kichungaji. Nikafika nyumbani, nikaweka kofia kwenye kucha ya kidole gumba, nikaipeleka dirishani. Mwili wa Roy umepata unjano wa uzee, kofia nyeupe kama jino la mtoto. Ya kutengenezwa juzi. Bastola moja ilikuwepo, ya pili hakuna. Ningesoma kwanza maneno madogo ya chini ya picha, ningejua cha kuhesabu kabla sijatoa hela.

Na nasisitiza maneno, si picha. Picha za katalogi zilipigwa miezi mingi kabla ya Krismasi, mara nyingine kwa sampuli tu, na rangi iliyokuja kwenye boksi haikuwa lazima ile. Tena mara nyingi katalogi haimtaji mtengenezaji. Inasema kauboi na farasi, basi. Lazima ujifunze kumtambua kiwanda kwa sura: tandiko likoje, mdomo wa farasi umefunguka au umefungwa, mkia umening'inia au umenyanyuka. Ni kama kumjua ng'ombe wa jirani kwenye kundi. Watu wa kwetu hatushindwi hilo.

Lakini ukitaka katalogi yenyewe, ya karatasi, fungua macho. Mimi nina ukurasa mmoja ninaoutafuta, na mmeshaujua ni upi. Nilikuwa nimeukaribia kwa akili tu. Mwanamume yule wa ukutani kwa bibi, kwa jinsi ninavyomkumbuka, hakuwa wa Hartland. Ni Johnny West, wa kampuni ya Louis Marx, aliyeanza 1965, na farasi ni Thunderbolt. Na kwa kuwa pembeni yake alikuwepo mwanamke, yule ni Jane West, aliyetoka 1966. Kwa hiyo katalogi ya bibi haiwezi kuwa ya kabla ya 1966. Nilipogundua hilo nilikuwa kwenye basi, nikapiga kelele, watu wakanihama.

Nikaagiza katalogi ya Krismasi ya mwaka huo, dola 65. Ilikuja imefungwa kwa magazeti, nzito kama tofali, ina harufu ya dari. Nikanawa mikono. Nikafungua taratibu mpaka kwenye kurasa za midoli, na pale pale penye Johnny West, ukurasa haupo. Umekatwa kwa mkasi, mkato wa mawimbi, mkono wa mtoto. Nilikaa sakafuni. Baadaye ndipo nikaona: kwenye ukurasa uliobaki chini yake, kwenye picha ya treni isiyohusika kabisa, kuna alama ya duara iliyodidimia bila wino. Mtoto alizungushia farasi kwa penseli, akakandamiza mno, kisha akakata. Duara limebaki, halina kitu ndani.

Sikuweza hata kumkasirikia. Ila nawaambia ninyi: mwombeni muuzaji apige picha kurasa za midoli, moja moja, kabla hamjalipa. Kurasa za mashuka na soksi zitakuwepo zote, hizo hakuna mtoto anayezikata.

Sasa nirudi kwa mgonjwa. Plastiki ya Hartland ni asetati, ndugu wa filamu za zamani za sinema. Inapopata joto na unyevu inaanza kuachia asidi ya siki, na asidi ile ikikosa pa kutokea inaila zaidi plastiki iliyoitoa. Inajimaliza yenyewe, na mvuke wake unawaambukiza wa jirani. Mimi, kwa kujifanya mtunzaji hodari, nilikuwa nimemfungia kila mmoja kwenye mfuko usiopitisha hewa, nikawaweka karibu na bomba la maji moto. Miaka minne. Kila mgeni nilimwonyesha mifuko ile kwa majivuno, na kuna kijana wa Madison nilimkaripia kwa kuacha wake wazi rafuni. Wake wazima. Ananiandikia kila wiki kuniuliza hali, na najua kabisa kwa nini anauliza.

Kwa hiyo: hewa, ubaridi, ukavu. Rafu ya wazi ndani ya nyumba mnamoishi watu, mbali na jua la dirishani. Nusa farasi wako kila mwezi, usione haya. Anayenuka siki mtenge siku hiyohiyo. Ukiwa na hawa wa Marx, vifaa vyao laini vya vinili usiviache vimelalia plastiki ngumu ya aina nyingine, vinaweza kuiyeyusha na kuacha alama. Mengine yote ni hayahaya: anza na katalogi.

Kwa dola 200 zako, usimguse Hartland mwaka huu. Mtafute Johnny West na Thunderbolt. Marx aliwafanya kwa plastiki ngumu ya ndoo, haina habari ya siki, na walitoka kwa wingi kiasi kwamba kofia iliyopotea utaipata. Nunua mmoja. Mmoja, dada. Najua moyo utakuambia wanne kwa mpigo, kwa sababu sisi tuliokulia bila kitu tukishika hela tunanunua kama tunalipiza kisasi. Mimi nilinunua hivyo, nikafungia kwenye mifuko hivyohivyo, kama bahili mwenye dhahabu, na hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyewahi kuwashika. Wazazi wenzangu, tujiulize. Unamnyima mwanao farasi ili umhifadhi farasi, kisha farasi anaoza gizani! Neema ana miaka tisa. Nilipompandisha Buttermilk juu ili apate hewa, ndiyo mara ya kwanza amwone. Akamgusa mguu uliopinda, akaniuliza kama anaumwa. Nikasema ndiyo. Sasa yupo juu ya friji, Dale amevuliwa kofia na kuwekwa mbali naye, na kila asubuhi mtoto anapanda kiti kumnusa, kisha ananipa ripoti: leo kidogo, leo sana.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu kule Iramba, nikamwomba aupige picha ule ukuta. Akacheka. Nyumba ile waliipiga plasta ya saruji tangu mwaka aliooa, bila kubandua kitu. Kwa hiyo yule farasi bado yupo, yuko ndani ya ukuta.

Nimeagiza katalogi nyingine, ya mwaka unaofuata. Safari hii niliomba picha, nikatumiwa, imetikisika kidogo, lakini naona kofia pana na nyuma yake kitu kirefu chenye shingo. Posta wanasema mzigo upo Chicago tangu juzi.